Kila nikibadili spea mashine inasimama tena, nimeandikiwa sijui kutatua matatizo

Shikamoo fundi,

Mimi ni teknishani wa matengenezo kiwandani, cheti ninacho cha umeme wa viwandani, kazi naipenda ila saivi imefika mahali hata usingizi unakata. Tuna laini ya kujaza chupa na shida iko kwenye mashine ya kufunga vizibo. Inaenda vizuri afu ghafla inasimama, kioo kinaandika "hakuna chupa" wakati chupa ipo pale mbele ya sensa unaiona kwa macho yako. Opereta anabonyeza riseti, inaondoka, baada ya muda inasimama tena.

Kwanza nilibadili sensa ya macho, ikaenda safi kabisa nikajua nimemaliza, ilikuwa asubuhi tunapiga chupa ndogo. Mchana tulipogeuza kwenda chupa kubwa, zile zinazotumia vishikio vya nyongeza vya upepo, ikaanza upya. Nikabadili kebo ya sensa, nikaisogeza sensa karibu kidogo, nikaongeza nguvu ya kuhisi, nikabadili na valvu moja iliyokuwa inavuja, vyote kwa mpigo maana supavaiza alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Ikaenda, ikasimama. Volti nilipima, 24 ipo pale kwenye sensa. Opereta anasema ni joto la mchana.

Mwisho akaitwa mzee mmoja wa siku nyingi. Akamuuliza opereta maswali mawili matatu, akaiangalia mashine inavyofanya kazi, akafungua paneli, akaweka mita, akakaza skrubu moja kwenye terminali, pale nyaya zinapoungwa, akafunga, akaondoka. Hakusema kitu. Tangu hapo haijasimama tena, na mimi kwenye tathmini yangu nimeandikiwa "hana uwezo wa kutatua matatizo".

Swali langu, hiki kitu ni kipaji mtu anazaliwa nacho au kinafundishika? Maana mambo ya kuuliza kwa nini mara 5 na mchoro wa mifupa ya samaki nimefundishwa, ila kwa kweli naona ni ya kujazia fomu tu.

Teknishani wa Shifti

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikacheka kidogo, usinielewe vibaya, nimecheka kwa sababu jibu la ile mashine umeliandika mwenyewe humo humo ndani na hukuliona. Mtu asiye na uwezo asingeweza kuniandikia vitu vyote hivyo kwa usahihi. Kwa hiyo swali la kipaji tulimalize hapa hapa, kinafundishika, na tutatumia barua yako kama darasa.

Umesema asubuhi chupa ndogo, mashine inaenda. Mchana chupa kubwa, inasimama. Opereta akasema joto, na wewe nadhani ukalibeba lile neno "mchana" ukaacha "chupa kubwa" pembeni. Hapo kuna vitu viwili vinabadilika kwa wakati mmoja, saa na saizi ya chupa, na ukiviacha vimegandana hivyo utabishana na opereta mpaka ustaafu. Vitenganishe. Siku ratiba ikiruhusu wapige chupa kubwa asubuhi na mapema kabla joto halijapanda, ikisimama basi joto liachie huru, halina kesi. Kuna Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, walijenga njia yao ya kuchambua matatizo juu ya maswali ya aina hii, kwamba tatizo linatokea wapi na wapi halitokei ingawa lingeweza kutokea, linatokea lini na lini halitokei, afu unakaa na ile tofauti. Watu wengi tunaandika upande mmoja tu, pale linapotokea. Upande wa pili, pale mashine inapokwenda vizuri, tunaona hauna habari kwa sababu hakuna kilichoharibika. Kumbe wewe jibu lako lilikuwa huko.

Sasa chupa kubwa zina nini ambacho ndogo hazina? Vishikio vya upepo. Vishikio vinaendeshwa na valvu, valvu zina koili, ule waya uliozungushwa unaovuta valvu ifunguke, koili zinakula umeme. Mimi mashine sijaiona, ila hebu tupige hesabu ya kukadiria tuone kama inafungana na ulichoandika. Sensa ya macho inakula kitu kama miliampea 30 tu. Koili moja ya wati 5 kwenye volti 24 inakula kama ampea 0.2, zikiwaka 5 kwa pamoja hiyo ni ampea 1. Tuseme ile skrubu iliyolegea ilikuwa inaleta ukinzani wa ohm 10 kwenye waya unaopeleka volti 24 kwenye kichwa cha mashine. Ikiwa ni sensa peke yake inayovuta, unapoteza volti 0.3, mita inakuonyesha 23.7, na wewe utasema kama ulivyosema, 24 ipo. Koili 5 zikiwaka, zinapotea zaidi ya volti 7 (hazifiki 10 kwa sababu volti zikishuka koili nazo zinavuta kidogo), sensa inabaki na 16 au 17, na yenyewe inakula kidogo kabla ya kutoa ishara, kwa hiyo kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, inafika kama 15 hivi. Na input nyingi za PLC, yaani pale ishara inapoingilia, za volti 24 zinataka 15 kwenda juu ndo zihesabu kwamba imewaka, chini ya 5 zinahesabu imezima, hapo katikati hakuna ahadi. Mashine ikitetemeka kidogo skrubu inazidi kulegeza mguso, ishara inapotea, PLC inasema hakuna chupa. Mashine inasimama, koili zinazima, volti zinarudi zote, na hapo ndo wewe unafika na mita yako mkononi unapima unakuta kila kitu kizuri.

Umeona eeh. Mita haikukudanganya, ulipima wakati mzigo umeshaondoka. Hiki kitu kimewatesa mafundi wengi sana na nataka kikukae: volti bila mzigo inakuambia tu kwamba waya umefika, haikuambii kama huo waya unaweza kubeba kazi. Pima wakati tatizo linatokea. Na kama tatizo linakuja na kuondoka huwezi kukaa umeshika vipima siku nzima, multimita nyingi nzuri zina kitufe cha kurekodi kiwango cha chini na cha juu, unaiunga vizuri pale kwenye sensa, unafunga, unaacha mashine ifanye kazi, ikisimama unakuja kusoma kiwango cha chini kilikuwa ngapi. Ungeikuta 16 pale basi sensa, kebo, nguvu ya kuhisi, vyote vingetoka kwenye mashaka kwa mpigo mmoja bila kununua kitu. Kuna pulsi fupi sana ambazo mita ya kawaida haizikamati, hilo lijue, ukikosa kitu usikimbilie kusema hakuna.

Na hiyo "pima wakati tatizo linatokea" naomba usiisome haraka. Kupima ndani ya paneli yenye umeme ni kazi ya mtu aliyeruhusiwa, mwenye vifaa vyake, na hata kama sehemu yako ni volti 24 paneli hiyo hiyo mara nyingi ina volti za mota mle mle sentimita chache kutoka kwenye mkono wako. Unapoenda kukaza au kubadili, zima, piga kufuli lako, weka kadi yako, afu hakikisha kwa mita kwamba imekufa kweli, na upepo uutoe kwenye mfumo maana silinda yenye presha haijui kama umezima umeme. Na ile tabia ya kuunganisha waya kuiruka swichi ya mlango wa kinga ili uone vizuri, acha kabisa, hata kama supavaiza ndo amesema. Hapo sina maelezo marefu.

Haya tuje kwenye ulichofanya wewe. Sensa, kebo, nafasi, nguvu ya kuhisi na valvu. Ulikuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo afu anaenda kununua kitasa. Ubaya wa kubadili vitu vingi kwa mpigo si hela peke yake. Ni kwamba ikipona hujui nini kimeiponya, na isipopona hujui umeongeza nini, kwa sababu ile nguvu ya kuhisi uliyoipandisha inaweza kabisa kuleta tatizo lake jipya, sensa ikaanza kuona mng'ao wa kitu kingine na kusema chupa ipo wakati haipo. Rudisha hiyo setingi ilivyokuwa kama bado hujarudisha, leo.

Badili kitu kimoja, na kabla hujakibadili sema kwanza, bora uandike, unategemea kuona nini. "Nikibadili sensa, na kama sensa ndo mbovu, chupa kubwa zitapita shifti nzima bila kusimama." Ukiandika hivyo utagundua mwenyewe kwamba asubuhi ya chupa ndogo haikuwa jaribio la chochote, kwa sababu kwa chupa ndogo hata sensa ya zamani ilikuwa inafanya kazi. "Ikaenda" kwa tatizo la kuja na kuondoka sio ushahidi mdogo wangu, lile lilikuwa linaenda lenyewe hata kabla hujaligusa. Na kama una mashaka na spea, kuna njia mbili za bei ya bure kabisa. Kama kuna kituo kingine kinachofanana, badilishana sensa kati ya hivyo viwili, uone tatizo linahama na sensa au linabaki pale pale. Au ukishaweka mpya na ukaona imepona, rudisha ile ya zamani, tatizo lirudi. Lisiporudi, sensa haikuwa na kosa. Kwenye kifaa cha usalama usijaribu hiyo michezo, ila kwa sensa ya kuhesabu chupa haina shida. Na ile sensa uliyoitoa kaitafute, ipime, nadhani ni nzima na inaweza kukaa stoo kama spea.

Kuna kitu kingine mzee alifanya ambacho wewe ulikiona ila hukukipa uzito, aliweka mita kwanza, bisibisi ikafuata. Sijui alipima nini ila ningekuwa mimi ningeweka kipima kimoja kwenye waya na kingine upande wa pili wa ile terminali, koili zikiwa zimewaka. Mguso mzuri utakupa karibu na sifuri, milivolti chache. Ukipata volti 3, 5, 7 juu ya kipande cha chuma cha sentimita moja basi umeshika mwizi. Unazima, unakaza, unawasha, unapima tena, inarudi sifuri. Hapo huhitaji kusubiri wiki uone kama itasimama, umeliona tatizo likiwepo na ukaliona likiondoka na unajua kwa nini.

Sasa utaniuliza alijuaje aende kwenye terminali ile wakati zipo nyingi. Uzoefu upo, sikatai, amekaza skrubu nyingi maishani. Ila kuna njia ya mtu asiye na uzoefu nayo inafika, ni ndefu kidogo tu. Chukua mchoro wa umeme, fuata njia ya ishara kuanzia sensa, plagi, boksi la kuunganishia, kebo kubwa, terminali, input ya PLC, programu. Usianze mwanzo ukatembea mpaka mwisho. Pima katikati. Kama katikati ni pabaya tatizo liko upande wa nyuma yake, kama ni pazuri liko mbele, na nusu nzima umeshaitupa kwa kipimo kimoja. Afu kata tena katikati. Sehemu 8 unazimaliza kwa vipimo 3. Wewe ulikaa kwenye kipande cha mwanzo kabisa, sensa na kebo yake, kwa sababu ndo kilichoandikwa kwenye kioo. Kioo kinakuambia PLC haijaona nini. Kwa nini haijaona, hiyo ni kazi yako na mita.

Na hii ya kuangalia mashine ikifanya kazi bila kugusa chochote, wengi tunaiona kama uvivu, supavaiza akikuta umekunja mikono anakasirika. Simama tu. Angalia mizunguko kadhaa, sikiliza, ona inasimamia hatua gani, kabla ya kushika au wakati wa kushika au wakati wa kuachia. Kama kila mara inasimama pale vishikio vinapofunga, umeshapata nusu ya jibu na hata boksi la vifaa hujalifungua.

Maswali aliyomuuliza opereta sikuyasikia lakini nitakuwekea ya kwangu. Usimuulize "tatizo ni nini", ukimuuliza hivyo atakupa jibu lake, joto, na anaamini kweli. Muulize alichokiona. Mara ya mwisho ilikwenda shifti nzima bila kusimama ilikuwa lini, tangu hapo kimebadilika nini, nani aligusa, mlisafisha kwa maji, mlibadili chupa au vizibo, mlipandisha spidi? Ikisimama, wewe unafanya nini mpaka inaondoka? Hilo la mwisho ni la dhahabu, kwa sababu maopereta huwa wana dawa zao za kienyeji, anapiga kidogo kifuniko cha paneli kwa mkono inaondoka, na hakuambii kwa sababu anaogopa ataambiwa anaharibu mashine. Mtu anayepiga paneli na mashine ikapona ameshakuambia kuna kitu kimelegea. Kaa naye vizuri, usimcheke, na ukimaliza kazi rudi umwambie ilikuwa nini.

Umesema ile habari ya kwa nini mara 5 ni ya kujazia fomu. Inavyofanywa sehemu nyingi, nakubaliana na wewe, mtu anatatua kwanza afu jioni anakaa kutunga zile kwa nini ili ziwe 5. Ila ilipotoka haikuwa hivyo. Watu wa Toyota wanamtaja Sakichi Toyoda kama mwanzilishi wake, na Taiichi Ohno, injinia wa Toyota, alikuwa na mfano wake maarufu: mashine imesimama kwa sababu fyuzi imekatika kwa mzigo kuzidi, mzigo umezidi kwa sababu beringi haikupata oili ya kutosha, oili haikufika kwa sababu pampu haivuti vizuri, pampu haivuti kwa sababu shafti yake imelika, shafti imelika kwa sababu hapakuwa na chujio na vumbi la chuma likaingia. Ona pale mwanzo, ungeishia kwenye fyuzi ungebadili fyuzi kila wiki.

Sasa turudi kwenye skrubu yenu, kwa sababu hapa namkosoa hata mzee kidogo, kama kweli aliishia kwenye kukaza. Kwa nini ililegea? Huenda boksi la terminali limefungwa kwenye fremu inayotetemeka. Huenda waya wa nyuzi nyingi umeingizwa mtupu bila feruli, kile kijibomba cha chuma kinachobana ncha ya waya, nyuzi zinakaa vibaya zinajipanga upya taratibu na skrubu inabaki inabana hewa. Kwa nini hakuna aliyeona? Angalia orodha ya sevisi kama kuna mstari unaosema kukagua terminali, naweza kukisia hakuna, au upo na unawekewa tiki bila mlango wa paneli kufunguliwa. Hayo ni mambo ya kwenda kuthibitisha kwa macho, usiyaandike kwa sababu mimi nimesema. Na ukifika kwenye "kwa nini" ambayo jibu lake ni jina la mtu, fundi fulani hakukaza, usisimame hapo, uliza ni nini kilichofanya hata fundi mzuri asijue kwamba hajakaza vizuri. Ile skrubu kama sababu yake bado ipo italegea tena, na terminali za jirani zake zinatetemeka pamoja nayo.

Mifupa ya samaki ya Mjapani Kaoru Ishikawa, ule mchoro wa kupanga sababu zote zinazowezekana, kwa tatizo lako sikushauri, inafaa zaidi pale mnapokaa watu kadhaa na hamjui hata muanzie wapi, mfano vizibo vinatoka vimepinda na inaweza kuwa mashine, vizibo vyenyewe, chupa, setingi au namna ya kufanya kazi. Wewe ulikuwa na ishara moja inayopotea, ulihitaji mchoro wa umeme na mita.

Mzee mfuate. Usimuulize "ilikuwa nini", atakujibu "skrubu" na mazungumzo yameisha. Muulize ni kitu gani kilimfanya aende kwenye ile paneli na asiende kwenye sensa. Mafundi wa zamani wengi hawafichi, ni vile tu hawajawahi kuulizwa kwa namna wanayoweza kujibu, na mwingine njia yenyewe imeshakuwa mazoea hata yeye haioni. Nenda akiwa na kazi nyingine, mshikie tochi, na kabla hajapima mwambie wewe ungepima wapi na kwa nini, umuache akusahihishe.

Supavaiza sasa. Ana laini imesimama na watu wanampigia simu, mwelewe, ila hilo la kusimama nyuma yako linaharibu kazi na unaweza kulipunguza kwa kumpa kitu cha kushika. Akija mwambie: nimeshathibitisha hiki na hiki kiko sawa, sasa hivi napima hapa, nikikosa ndani ya dakika 20 namwita mzee. Mtu akisikia hivyo mara nyingi anaondoka. Na kama anataka mashine iwake sasa hivi, kuiwasha kwa matengenezo ya muda sio dhambi ilimradi ni salama, rudini mfano kwenye chupa ndogo mpaka shifti iishe, ila iandikwe kwamba ni ya muda na lini utairudia.

Kuhusu tathmini, usiende kubishana na lile neno. Anza daftari lako, kila kazi andika kilichoonekana, wapi hakikutokea, ulipima nini na namba gani, ulitegemea nini, ikawa nini. Kazi ya kwanza iwe hii hii ya vizibo, omba nafasi mashine ikiwa imezimwa ukague terminali zote za lile boksi, uweke feruli pale zinapokosekana, na uombe ule mstari wa ukaguzi uingizwe kwenye orodha ya sevisi kama kweli haupo. Ukirudi kwa supavaiza mpelekee hiyo karatasi na umuulize kwenye tathmini ijayo atakuwa anaangalia nini hasa, muda wa mashine kusimama, spea unazotumia, au tatizo lile lile kurudi, maana kila kimoja hapo kinapimwa tofauti na wewe unahitaji kujua unapimwa kwa kipi.